Stempu Iliyomwozesha Kaka Deo

Sisi tuliokulia Mlabani, pale Ifakara, wakati barua bado zinalambwa tulikuwa na utajiri ambao nyie wa bando hamtauelewa. Tulikusanya stempu. Kaka Deo alikuwa anasoma Ulaya, nchi ya baridi ambayo, kwa stempu zake, haikuwa na kitu zaidi ya ngome na monasteri za kale. Kila sikukuu yao, stempu ya ukumbusho: monasteri juu ya jabali, utadhani wale watawa walikuwa wanawakimbia mama wakwe.

Tuliringa nazo balaa. Tatu wa Kivukoni alinipa perege wawili wa kukaanga kwa ngome moja ya minara minne. Tulibishana hadi tukanuniana, kama ngome ile ingemhimili kiboko mmoja tu wa Mto Kilombero. Mimi nilisema isingefika hata jioni.

Kubandua stempu ulikuwa ufundi. Unakata kona ya bahasha, unailoweka kwenye bakuli, stempu inaachia yenyewe, unaianika kwenye ungo. Siku hiyo mkasi haukuonekana, na stempu yenyewe ilikuwa monasteri ya rangi ya dhahabu, sijapata kuona. Nikaloweka bahasha nzima.

Huku sebuleni baba anasoma barua kwa sauti. Kaka Deo amehama bweni, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Tena amepata mchumba wa huko huko, anaitwa Irena, anaomba ridhaa yetu. Asipojibiwa miezi miwili atajua tumeridhia, maana kwetu mzazi akinyamaza amekubali.

"Mwandikie leo hii," mama akasema. "Hapana."

Baba akaniita nilete bahasha. Niliileta inachuruzika, na nyuma yake wino wote umekuwa bluu tupu. Nilichapwa na mama, nikachapwa na baba, na shangazi aliyekuja kuomba chumvi akamalizia. Mama alituma hapana yake bweni la zamani, akasubiri, akakonda. Kaka akaoa.

Leo mama haoni vizuri. Sisi aliotuzaa tuko mbali, tunamtumia vikatuni vya mioyo kwenye simu. Anayemwogesha, anayempikia wali, anayegombana naye kwa Kipogoro kibovu ni wifi Irena. Alikuja na kaka Ifakara, na hata kaka alipofariki hakuondoka. Nilipokwenda mwaka jana, mama alinishika mkono akauliza kama bado ninayo ile stempu. Nikasema ninayo.

"Itunze," akasema. "Nilikuchapa bure."

Basi msituonee huruma, vijana, eti barua zetu zilitembea kama kobe. Ingekuwa leo, ile hapana ya mama ingefika kabla wali haujaiva, na tiki zake mbili za bluu. Na Kaka Deo alikuwa mtoto mtiifu. Angeitii.