Delvina Amfungia Armand Redio

Watu wa bonde lile wakikuambia Delvina Michaud ni mwanamke mpole, waulize walikuwa wapi ule mwezi wa pili, Armand Dubé alipoingiza lori lake jipya uani kwake na kushuka akitabasamu kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Miaka mitatu alikuwa hajakanyaga pale, na sababu aliijua vizuri.

Akamwita shemeji. Akasema mambo ya zamani wayaache, wote ni watu wa parokia moja. Lori lilikuwa limerudishwa getini mara mbili kwa sababu redio haisikiki, na siku hizi kampuni ya magogo hairuhusu lori lolote kuingia msituni bila redio kupimwa. Mita ya kupimia antena ilikuwa moja tu bonde zima, nayo ilikuwa kabatini kwa Rosaire, mume wa Delvina. Kwa hiyo alikuwa amekuja. Uso mkavu, hata haya hana.

Delvina alipangusa mikono kwenye aproni, akamwambia aache funguo na arudi kesho mchana.

Alimchukia mtu yule, na hakuwa na haja ya kuficha. Barabara ya magogo ni nyembamba, maili thelathini za barafu na kona, na lori lenye mzigo halishiki breki likasimama hivi hivi. Kwa hiyo lenye mzigo ndilo lenye njia, na lililo tupu hujibanza kwenye kituo cha kupishana. Kila dereva huita redioni maili aliyopo, kwa hesabu ya kutoka getini, wengine hupiga hesabu watajibanza wapi. Taa hakuna, askari hakuna. Ni neno la mtu tu. Sasa Armand alipenda kukimbia, na Priscilla wa getini aliandika saa ya kila mwito. Aliyeonekana anakimbia alisimamishwa kazi wiki nzima. Armand akajitungia ujanja wake wa kishenzi: yuko maili ya kumi na nne, anaita kumi na nane. Kitabuni kwa Priscilla anaonekana anatembea kama bibi harusi.

Siku moja Rosaire alikuwa anapanda na lori tupu, yuko kumi na mbili, akasikia mzigo uko kumi na nane. Akaona ana nafasi tele ya kufika kituo cha kumi na tano. Wakakutana kwenye kona ya kumi na tatu. Rosaire aliona heri korongo kuliko tani za magogo ya Armand, akaingia korongoni. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti.

Lakini mguu sio uliomnyima Delvina usingizi. Ni kile kikao cha uchunguzi. Armand alishika Biblia akaapa kwamba aliita kumi na nne, tena mara mbili, na kama Rosaire alisikia vingine, basi redio yake ilifungwa vibaya. Redio ya Armand mwenyewe enzi hizo ilikuwa ikisikika kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Getini Priscilla alipata mikwaruzo mitupu, akaandika alama ya kuuliza. Kikao kikaamua kosa ni la redio ya Rosaire. Rosaire, aliyewafungia redio nusu ya madereva wa bonde, aliyekuwa akikwangua rangi mpaka chuma king'ae kabla hajakaza skrubu moja! Tangu siku ile hakuna lori lililoletwa uani kwake. Alikaa jikoni na redio yake ya mezani, akisikiliza, wala hakuigusa maiki tena. Delvina akachukua usukani wa lori lingine kulisha nyumba, na kila alipopita kona ya kumi na tatu aliapa kwa sauti, peke yake, kwamba Armand Dubé atakuja kulilipia jina la mumewe.

Basi ndiyo huyo, kajileta.

Asubuhi iliyofuata Delvina alipanda kwenye lori la Armand na pini moja ikiwa imechomekwa kwenye kola ya koti. Madereva wote wanaujua mchezo huo. Unaichoma pini kwenye waya wa antena, unakata kichwa chake, jicho la mtu haliioni. Ukiichoma nusu tu, lori linapimwa getini linapita salama, halafu mtikisiko wa barabara unaimalizia kazi. Taa ya redio inawaka, mwenyewe anaita, na sauti haitoki hata kufika kwenye boneti. Baadaye redio inajiunguza yenyewe. Delvina alitaka Armand afike kwenye ile kona akiwa bubu na kiziwi, asijue kinachokuja. Na akiingia korongoni? Alijiuliza hilo waziwazi, akajijibu kwamba atalala vizuri.

Alikuwa ameshaushika waya mkononi aliposikia magongo kwenye theluji. Rosaire alisimama chini ya mlango wa lori, mguu mmoja wa suruali ukiburuzika.

"Pini yangu ya suruali iko wapi?" akauliza.

Rosaire akautazama waya, akautazama mkono wa mkewe.

"Unamshona nani?"

"Unamjua."

"Na atakayekutana naye kwenye kona? Naye amekukosea nini?"

Delvina alisema hajali. Alikuwa anajali, lakini hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Rosaire akaegemea tairi, akasema taratibu:

"Haya, mtie ububu. Kesho atasema nini? Atasema kwa Rosaire amefungiwa redio mbovu. Mara ya pili, Delvina. Na watamwamini."

Mkono wa Delvina ukabaki hewani. Miaka yote mitatu alikuwa hajaliona jambo lile lilivyokaa. Redio mbovu ndiyo iliyomwokoa Armand kikaoni. Ndilo blanketi alilojifunika, na yeye Delvina alikuwa karibu kumfunika lingine, tena zito zaidi.

Akaichomoa pini, akamrudishia mumewe. "Shika. Nitamfungia redio ambayo hata paroko ataisikia kanisani."

Alifanya kazi siku ile kuliko alivyowahi kufanya kwenye lori lake mwenyewe. Alikwangua rangi kwenye mikono ya vioo vya pembeni, pa kufungia antena, mpaka chuma kitupu. Alivuta umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi, akaupitisha waya wa antena mbali na nyaya za injini ili mngurumo usiingie. Hakuigusa maiki mpaka antena zilipokwisha kufungwa, maana kuita bila antena ni kuiua redio. Halafu Rosaire akashika mita, Delvina akawa anaikata ncha ya antena, unywele kwa unywele, mpaka sindano ikalala chini kabisa, ishara kwamba sauti yote inatoka. Rosaire alisema kazi kama ile hata yeye hajawahi kuifanya.

Mchana Armand alibonyeza maiki, na Priscilla akamjibu kutoka getini kana kwamba amekaa kiti cha pili. Armand akacheka kwa furaha.

"Shemeji, hii sasa ndiyo redio."

"Sasa unasikika kila mahali, Armand," Delvina alimwambia. "Kila mahali."

Akashukuru, mjinga yule, akaondoka.

Siku nane za kwanza aliita maili za kweli, maana lori lilikuwa geni na alikuwa analiogopa. Delvina alikuwa na subira. Kila siku, saa ya mzigo wa Armand, alikuwa akitoka barabarani na kuingia kwenye kiwanja cha kupangia magogo pale maili ya kumi na nne, nyuma ya marundo. Aliyetoka barabarani hana haja ya kuita maili, ndiyo desturi. Alikuwa akizima injini, akikunjua ploye zake, zile chapati laini za bonde, zenye maharage, akingoja.

Siku ya tisa sauti ilikuja safi, bila mkwaruzo hata mmoja: "Kumi na nane, nina mzigo." Kabla neno la mwisho halijakatika, lori jekundu la Armand likapita mbele ya pua yake likitimua theluji.

Alishika maiki, akaanza na wenzake. "Matupu yote, jibanzeni sasa hivi. Mzigo uko kumi na nne, si kumi na nane. Umenipita mimi, Delvina, kwa macho yangu." Dereva mmoja akajibu kwa sauti kavu kwamba yuko kumi na mbili, alikuwa ndio anatoka kituoni, na amerudi. Kumi na mbili, palepale alipokuwa Rosaire.

"Armand Dubé," akasema Delvina, "rudia maili yako."

Armand akasema ameita kumi na nne, hii redio ina kasoro.

"Nimekusikia wazi, Armand," akasema Priscilla. "Nimeandika kumi na nane."

Wa maili ya sita akasema naye kasikia kumi na nane. Wa ishirini na tano pia. Halafu ikaingia sauti nyingine, sauti ambayo barabara ile haikuwa imeisikia kwa miaka mitatu.

"Armand, hapa ni Rosaire, nyumbani, jikoni. Redio yako ni nzima. Hata yangu ilikuwa nzima."

Armand alikuwa bado na mzigo mgongoni na maili kumi na tatu mbele yake, na barabara ina sheria yake. Ilibidi aite. Akaita kumi na tatu, kwa sauti ndogo. Akaita kumi na mbili. Kila namba ilikuwa ya kweli, na kila mtu aliisikia.

Delvina alichukua ploye iliyokwisha kupoa, akala polepole, akisikiliza. Hakuwasha injini mpaka Armand alipoita moja.