Bata Mzinga wa Delbert na Ulimi wa Verna

Baba mkwe wangu, Delbert Nygaard, hajui kumkataza mtu. Ukimkanyaga mguu atakuuliza kama wewe umeumia. Kazaliwa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kakulia Minnesota, na huku kwetu mtu akikwambia "sawa tu" yawezekana paa la nyumba yake linaungua. Nimekaa katika ukoo huu muda wa kutosha kujua kwamba kimya chao kina aina nyingi, na cha Delbert ndicho kirefu kuliko vyote.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lile gari kubwa la kusukuma theluji barabarani. Kazi hiyo haina sikukuu. Karibu kila Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya Novemba ambayo kila familia hula bata mzinga, wenzake wakiwa wamezunguka meza, Delbert alikuwa peke yake njiani, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika mkate wenye bata mzinga baridi. Hakulalamika hata siku moja. Lakini alipostaafu tu alikwenda dukani akarudi na jiko la mkaa la duara, jeusi, lenye miguu mitatu na kifuniko, akaliweka uani, akamwambia mkewe Arlys kwamba tangu sasa bata wa sikukuu atampika yeye. Arlys hakubisha. Oveni yake ni ndogo, na akiingia bata, pai za maboga hazina pa kukaa.

Mwaka wa kwanza aliaibika. Alifanya kosa ambalo nusu ya nchi hii hulifanya na nusu nyingine hulificha: alimtoa bata kwenye friza jana yake, akambonyeza kifua, akaona amelainika, kumbe ndani bado barafu tupu. Alimchoma vizuri mpaka ngozi ikawa ya kahawia ya kupendeza. Akamleta mezani, akapitisha kisu kwenye paja, na maji mekundu yakamwagika juu ya kitambaa cheupe alichokidarizi marehemu mama yake Arlys. Sote tukanyamaza, kama tulivyolelewa. Asiyenyamaza alikuwa Verna, dada mkubwa wa Arlys.

"Shemeji," alisema, "huyu mwahisheni kwa daktari, bado ana nafasi ya kupona."

Watu wakacheka. Delbert naye akatabasamu, lakini masikio yalimgeuka mekundu, na Arlys akayaona. Akamwambia dada yake kwamba kama chakula cha nyumba hii hakimfai, mlango anaujua. Verna akachukua koti lake na mlango akaupita.

Hawakununiana waziwazi, kwa sababu huku kwetu hatununi. Walikutana kanisani, wakaulizana habari za baridi, wakasifiana mitandio, wakaagana. Miaka sita ya baridi na mitandio! Hawa ni watu ambao zamani walipigiana simu kila asubuhi na kukatiana simu kila jioni. Arlys hakulitaja jambo hilo kabisa. Aliyelibeba alikuwa Delbert. Siku moja tulipokuwa gereji tukitafuta koleo la theluji aliniambia, bila kunitazama, "Janelle, mimi na bata wangu tumewatenganisha watoto wa mama mmoja."

"Usiseme hivyo, baba."

"Sawa tu," akasema, akaendelea kutafuta koleo ambalo alikuwa amelishika mkononi.

Mwaka jana zikaja habari kwamba Verna ameuza nyumba na kabla ya Krismasi anahamia Arizona kwa binti yake. Delbert, mtu anayeogopa simu kuliko anavyoogopa kuteleza kwenye barafu, akampigia mwenyewe. Nilikuwepo jikoni.

"Verna. Baridi vipi huko?"

"Baridi ipo," sauti ya Verna ilisikika hadi nilipokaa.

"Njoo tule pamoja Alhamisi."

"Aa, nisije nikawasumbua."

"Husumbui."

"Nina supu yangu hapa."

"Njoo na supu."

Verna akauliza, "Anayechoma ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi nitakula kwanza nyumbani kabla sijaja." Halafu, kwa sauti ya chini, "Nitakuja, Delbert. Lakini saa kumi kamili naondoka. Giza likiingia kulungu wanajirusha barabarani, na macho yangu siku hizi si ya kuendeshea gizani."

Delbert aliweka simu chini akakaa. Nilimwelewa. Verna akila pale, kwenye meza ya Arlys, bata aliyeiva, basi ile aibu imefutika. Akiondoka saa kumi hajala, ataondoka moja kwa moja.

Hakubahatisha chochote safari hii. Bata alikaa kwenye friji karibu wiki nzima akiyeyuka taratibu, na kila asubuhi Delbert alimtia mkono tumboni kuhakikisha, na Arlys akijifanya haoni. Kisha akamlaza kwenye ndoo ya maji ya chumvi na majani ya viungo. Kosa lake lilikuwa moja tu: kwa hamu ya kumridhisha shemeji yake alinunua bata mkubwa mno, asiyepita hata kwenye mlango wa oveni. Asipoiva nje, hana pa kwenda.

Asubuhi ya sikukuu upepo ulikuwa unatoka upande wa Dakota, magharibi yetu, ule unaopita katikati ya vifungo vya koti. Delbert aliwasha mkaa, ulipokuwa mwekundu akaugawa pande mbili za jiko, katikati akaweka sinia la maji, na juu yake bata. Akafunika. Siri ya kuchoma namna hiyo ni kifuniko. Ukikifunga, joto linazunguka na kumwivisha bata pande zote. Ukikifungua kwenye baridi ya namna ile, joto lote linakwenda zake Kanada, na unaanza upya.

Sasa nisikilize kuhusu wanaume wa huku. Hakuna mwanamume anayeweza kupita karibu na jiko lililofunikwa asifunue. Ni kama kumpa mtu mkono. Wa kwanza alikuwa mume wangu, Lyle.

"Vipi huyu, baba?" akasema, na kifuniko tayari kiko hewani. Mvuke ukapanda kama wa nguo iliyotoka pasi.

"Anaendelea," akasema Delbert.

"Anapendeza."

"Ndiyo, anapendeza."

Nikamwita Lyle pembeni nikamwambia aache kufunua. Akasema alikuwa anaangalia tu. Baadaye akaja jirani, Orrin, kuleta viti vya kuazima. Akafunua. Mpira wa kwenye televisheni ulipofika mapumziko wakatoka wote wawili na bia zao mkononi, wakafunua, wakasimama wanajadili rangi, huku Delbert kasimama kando, mikono mfukoni, anatazama joto lake likiondoka. Wangewezaje kukatazwa, nao ni wageni?

Verna alifika na supu yake. Akakaa sebuleni na koti mwilini, mkoba mapajani, mfano wa mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa meno. Arlys akamuuliza kama barabara ilikuwa nzuri. Verna akasema ilikuwa nzuri. Arlys akasema upepo ni mkali. Verna akasema ni mkali kweli. Nilitamani mmoja avunje sahani.

Saa nane, saa ya kula, ikapita. Viazi vya kuponda vikaanza kupoa. Saa tisa ikakaribia, Delbert akaingia jikoni na kipimajoto mkononi, akamwambia Arlys kwa kunong'ona, "Bado sana."

"Sana kiasi gani?"

Delbert akamwonyesha kipimajoto, akarudi nje. Arlys akashika ukingo wa sinki. Nilikuwa nimewahi kumwona mama mkwe wangu akizika mzazi bila kutetereka, lakini pale kidevu kilimcheza.

Verna alikuwa amesikia. Alikuja mpaka dirishani, akachungulia uani. Orrin, Lyle kando yake, alikuwa ndiyo kwanza ananyanyua kifuniko.

"Yule anayefunuafunua ni nani?"

"Orrin. Jirani."

"Na shemeji anamwachia?"

"Delbert humjui?" akasema Arlys. "Hata mwizi angemshikia ngazi."

Verna alichukua kiti cha jikoni kwa mkono mmoja na mwiko kwa mkono wa pili, akatoka nje. Koti alikuwa nalo tayari.

"Wewe! Shusha hicho kifuniko."

Orrin akashtuka. "Nilikuwa naangalia tu, mama."

"Kwani huyo bata ni mchumba wako mpaka umchungulie hivyo? Shusha. Na wewe Lyle, mtu mzima na ndevu zako, hujui moto unakimbia?"

"Mama mkubwa, nilitaka kuona rangi."

"Rangi utaiona kwenye sahani. Nendeni mkaangalie mpira."

Wakaenda, kwa haraka ambayo sijapata kuiona kwa Lyle hata nyumba yetu ilipoingia maji. Verna akaweka kiti mbele ya jiko, akaupa upepo mgongo, akakaa na mwiko wake mapajani.

"Verna, utapata baridi," akasema Delbert. "Ingia ndani."

"Kwa nini huwaambii, Delbert?"

"Ni wageni."

"Lyle ni mwanao."

"Leo amekuja kama mgeni."

Verna akacheka, kicheko cha puani. "Ongeza mkaa," akasema.

Arlys alikuwa dirishani akiona yote. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kaziba mdomo na kitambaa cha vyombo, mabega yanaruka. Ule ulimi uliomfukuzisha dada yake miaka sita iliyopita ndio sasa ulikuwa unampikia bata. Akamimina kahawa, akachukua blanketi, akatoka navyo mwenyewe. Nikaacha mlango wazi kidogo. Mimi si malaika.

"Kunywa."

"Nimeshakunywa kwangu."

"Kunywa, usiniletee ukaidi wako. Pua imekuwa nyekundu."

"Ya kwako je, umeitazama?"

Arlys akamtupia blanketi miguuni, akabaki amesimama pale. Hawakuzungumzia hali ya hewa, ingawa ilikuwa inawaua.

Saa kumi ikafika. Delbert aliangalia saa, akaangalia kipimajoto, na mimi niliyekuwa mlangoni niliona anavyosumbuka. Angenyamaza tu, muda ungepita wenyewe, na kunyamaza ndiyo kazi anayoiweza. Lakini Delbert si mtu wa kumwibia mtu saa yake.

"Verna," akasema, "saa kumi imefika. Bado nusu saa hivi. Ukitaka kwenda, nenda kungali na mwanga. Sitakulaumu."

Verna akatazama mbingu, iliyokuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akamtazama mdogo wake.

"Nusu saa ya kweli?"

"Ya kweli, kama hakuna atakayefunua."

"Hafunui mtu," akasema Verna, akajifunga blanketi vizuri.

Tulikula taa zikiwa zimewashwa. Delbert alimweka bata mezani, akashika kisu. Kisu kikaingia pajani. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe, safi kabisa. Verna akapewa kipande chake, akakitia mdomoni, akatafuna bila haraka hata kidogo.

"Ameiva," akasema.

Akameza. "Chumvi imezidi kidogo."

"Haijazidi," akasema Arlys.

"Imezidi, Arlys."

"Umekaa nje mpaka ulimi umeganda, utajuaje chumvi?"

Verna akaweka uma chini. Nikasema moyoni, haya, tunarudi kule kule. Lakini alisema akitazama sahani yake, "Sikukuu zote hizo nimekula peke yangu mbele ya televisheni, nikisubiri uniite. Ningeweza kupiga simu. Nilikuwa na kiburi."

"Mimi nilikuwa nasubiri uje bila kuitwa," akasema Arlys. "Kila mwaka niliweka sahani ya ziada kabatini, karibu, ili nisiitafute ukija."

Basi wakalia, wanawake wawili wenye mvi, kwa dakika nzima, na sisi wengine tukala viazi kwa bidii kubwa. Lyle alijipakulia mara tatu asijue anakula nini.

Sikumwona Delbert aliponyanyuka. Nilimkuta uani, kasimama mbele ya jiko tupu, kofia mkononi, kichwa wazi kwenye ule upepo.

"Baba, utaugua."

"Amesema ameiva. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Nilidhani nimewaharibia undugu wao, Janelle. Nilidhani nitakufa na jambo hilo moyoni." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta wala hakusingizia moshi.

Ndani sauti zikapanda. Verna alikuwa anasema atalala kwenye kochi, Arlys anasema hakuna mgeni atakayelala kwenye kochi nyumbani kwake, Verna anauliza tangu lini amekuwa mgeni, Arlys anamwambia aache ubishi ampe hilo koti, na mlango wa kabati ukabamizwa kwa nguvu.

Delbert akaniwekea mkono begani ninyamaze, asikilize vizuri.

"Wanagombana," akasema, na uso wote ukamfunguka kwa furaha.