Kifungu Nilichomwandikia Mtu Mwema

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu kule Mang'ola ambayo nikiikumbuka naona aibu, hata nikiwa peke yangu jikoni nachemsha chai. Nitakusimulia, ila kwanza nikwambie kwa nini imenirudia wiki hii.

Mjukuu wa dada yangu, Neema, anasomea sheria chuo kikuu. Amekuja likizo hapa Karatu na kurasa kumi na nne alizoandika kuhusu mamlaka ya Rais ya kuteua watu na kuwaondoa, na kama mahakama ina mamlaka ya kuhoji pale mtu anapoondolewa. Aliniomba nizisome kwa sababu, alisema, mimi nina muda. Ni kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wazungu wanavuka bahari kuja kuingia Ngorongoro. Mimi natazama mawingu yake kutoka kibarazani na naona inatosha.

Nikasoma. Nilisinzia ukurasa wa tatu, nikaamka nikaendelea na wa tisa, na sikuona kilichopungua. Kisha sehemu moja ikaniamsha kabisa. Ameeleza kwamba jaji haondolewi hivi hivi, lazima iundwe tume imchunguze kwanza, na hilo amelisifu. Lakini alipofika kwenye mabaraza madogo, yale yanayosikiliza malalamiko ya watu kama mimi, ameandika kwamba wajumbe wake wabaki chini ya hiari ya aliyewateua, na mahakama isiingilie, kwa kuwa mteuzi ndiye anayejua sababu zake.

Nikarudia kusoma. Nilishuku kwamba maneno hayo nimeyaona mahali. Baadaye nikakumbuka nani aliyeyaandika. Ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, cheti cha kidato cha nne na shati moja la mikono mirefu. Karatu ilikuwa ndiyo kwanza imekuwa wilaya, tumeachana na Mbulu juzi juzi. Kule Mang'ola, chini bondeni kuelekea Ziwa Eyasi, watu wanaishi kwa kitunguu, na kitunguu kinaishi kwa zamu ya maji. Mfereji wetu unatoka kwenye chemchemi, na kila mwenye shamba ana siku yake na saa zake za kufungulia. Zamu zikikupita wakati kitunguu kinaweka kichwa, msimu wako umekwisha.

Wakulima wa mfereji wakaamua tuwe na katiba. Mwenyekiti wetu, Mzee Bayo, alikuwa mtu mwema kweli; shamba lake lilikuwa linakauka yeye akiwa anasuluhisha ya wenzake. Mimi, kwa kuwa nilitembea na kalamu mbili mfukoni, nikapewa kazi ya kuandika. Niliandika kwamba kutakuwa na baraza la wazee watatu la kusikiliza malalamiko ya zamu, kwamba mwenyekiti atawateua, kwamba anaweza kumwondoa yeyote wakati wowote bila kutoa sababu, na kwamba uamuzi wake huo hautahojiwa na baraza wala mahakama yoyote. Hilo la mahakama hakuna aliyeniagiza. Niliona tu linaipa karatasi uzito. Nadhani nililisikia redioni.

Nilipowasomea, mmoja wa wazee walioteuliwa, Mzee Tluway, akaomba nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Na Bayo asipokuwepo?"

Nikamwamkia upya, nikamweleza kwa ile heshima yenye kiburi ndani yake kwamba hatuandiki katiba kwa kuwashuku watu wema. Watu wakacheka, wakiwa upande wangu. Mzee hakukasirika. Alisema, "Basi andika na jina lake hapo, ili tujue ni yeye peke yake."

Sikuandika. Niliona mzee anatania. Siku hizi nikiona mtu anacheka haraka namna ile mbele ya swali, naanza kumtilia shaka.

Mwaka uliofuata Mzee Bayo alianza kupoteza macho, akahamia kwa mwanawe Babati. Tukachagua mwenyekiti mpya, mwenye shamba kubwa juu kabisa, maji yanapoanzia. Huyu alikuwa anasalimia watu kwa majina mpaka ya watoto wao. Nilimpenda sana. Mimi huwa nawapenda mapema, ndiyo maana nimejizoeza kukaa nyumbani.

Dada yangu Martha, huyo bibi yake Neema, aliyenilea tangu mama yetu afariki, alikuwa na robo eka mwisho wa mfereji. Zamu yake ilikuwa Alhamisi asubuhi. Alhamisi moja maji hayakufika. Alhamisi iliyofuata hayakufika. Akapanda na jembe begani akifuata mfereji hadi juu, akakuta umezibwa kwa udongo na maji yamegeuziwa shamba la mwenyekiti. Vitunguu vyake ndiyo kwanza vinaweka vichwa. Akapeleka malalamiko kwenye baraza.

Lilikaa kwenye banda la kufungashia vitunguu. Mimi katibu, kalamu zangu mbili, daftari la kumbukumbu. Wazee wawili walikohoa sana asubuhi ile na kusema kidogo. Mzee Tluway alikuwa ameshafika shambani kwa mwenyekiti, ameongea na vibarua kutoka Singida waliokuwa wakimwagilia, na wao, bila kujua kuna kesi, wakamwambia kwamba Alhamisi ndiyo siku yao. Basi akasema mbele ya watu wote, "Zamu ni ya Martha. Afunguliwe leo."

Mwenyekiti hakubishana. Alichukua katiba mezani kwangu, akafungua kifungu kile, akakisoma taratibu kama padri. Kisha akamshukuru Mzee Tluway kwa utumishi wake, akamtangaza shemeji yake kuchukua nafasi, na kusema baraza jipya litasikiliza shauri upya wiki ijayo. Akanigeukia. "Katibu, andika."

Nikaandika.

Dada alisogea mezani, akaitazama ile karatasi ya katiba. "Huu mwandiko ni wako," akasema. Hakuwa anauliza.

Kesho yake nilipanda lori la vitunguu hadi Karatu, mahakama ya mwanzo. Hakimu alinisikiliza, akasoma katiba yetu, akaniambia kwamba kikundi cha wakulima hakiwezi kuizuia mahakama kuhoji chochote kwa sentensi kama ile. Nikafurahi, mapema mno kama kawaida yangu. Akaendelea kwamba hata yeye ana mpaka wake. Ugomvi wa haki ya maji na uongozi wa kikundi haukuwa wa mahakama yake. "Nikiusikiliza," akasema, "nitakachokupa hakitakuwa hukumu. Mahakama ya juu itaifuta, nawe utaanza upya." Akanielekeza pa kwenda.

Nilitoka nikiamini amehongwa. Nilieneza maneno hayo mwezi mzima, Mungu anisamehe. Miaka ilipita kabla sijaona kwamba wiki ile yote, ni yeye pekee aliyepewa nafasi ya kutumia mamlaka yasiyo yake akaikataa.

Huko nilikoelekezwa nilipangiwa tarehe. Tarehe ilipofika, majani ya vitunguu vya dada yalikuwa yamelala chini na vichwa havizidi kitunguu saumu. Msimu ule Martha aling'oa vitunguu kama kibarua kwenye shamba la mwenyekiti, pamoja na wale watu wa Singida. Kifungu tulikuja kukifuta baadaye, kwa kelele nyingi. Robo eka ile haikungoja.

Nilimsimulia Neema haya yote. Akanisikiliza, kisha akasema, "Lakini Babu, Rais si mwenyekiti wa mfereji." Nikamwambia ni kweli, mwenyekiti wetu alikuwa na mfereji mmoja tu. Akacheka, akachukua kurasa zake. Sijui atabadilisha nini. Wasomi nao nawashuku.

Wewe, mwanangu, nisikilize hata kama hukusomea sheria. Karatasi yoyote ya madaraka ikiletwa mbele yako, ya kikundi, ya kanisa, ya nchi, usiisome ukimfikiria aliyekalia kiti leo. Mweke pale mtu usiyempenda, kisha isome tena. Tafuta nani anamteua mwamuzi na nani anaweza kumwondoa, na kama anayeondoa analazimika kusema sababu mbele ya mtu mwingine. Uliza aliyeonewa ataenda wapi, na kama atafika kabla hasara haijawa hasara. Na siku wewe utakapopewa madaraka, ujue yanaishia wapi, ukubali kusema hapa si pangu, hata kama mtu atakwenda kukutangaza vibaya mtaani. Shuku zaidi maneno unayoyaandika mwenyewe ukiwa na furaha.

Mungu akupe subira ya kusoma mpaka mwisho, tofauti na mimi. Akuwekee karibu mtu wa kukuuliza swali gumu mbele za watu, na akupe moyo wa kumjibu. Kazi ya mikono yako isimlize aliyekulea. Amina.