Jina Lililo Mwishoni mwa Santuri

Mama yangu na dada yake walinuniana karibu maisha yao yote kwa sababu ya jina ambalo hakuna aliyelisikia kati yao. Baba yao, babu yangu, alikuwa mtunzi na mwimbaji Tanga, enzi za Mwingereza. Yeye na wenzake, mpiga udi na mpiga fidla, walipandishwa meli wakapelekwa Bombei kurekodiwa, wakarudi kila mmoja na koti. Santuri zake zilipigwa kwenye mikahawa ya pwani nzima. Kwetu imebaki moja.

Wazee wa barazani waliwaambia mabinti zake kwamba wimbo ukiisha, babu anaita jina la mtu wa nyumbani kwake. Jina gani? Hawasemi. Wanacheka, wanajifuta midomo, wanaomba kahawa. Mama mkubwa akashika kwamba kaitwa yeye, kwa kuwa ndiye wa kwanza. Mama naye akashika kwamba ni yeye, kitindamimba. Kwenda kusikiliza wenyewe haikuwezekana, maana mikahawani walikaa wanaume tu, na nyumbani bibi aliiuza gramafoni babu alipofariki, wao wangali wadogo. Santuri akaibakiza, kaizungushia kanga. Akiulizwa juu ya jina anasonya, anawatuma maji.

Mama mkubwa alikufa na msimamo wake. Mama kavuka tisini, na mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani aliniwekea ile kanga mapajani.

"Mama, huko Durban kwa wenye mitambo gramafoni haikosekani. Masikio yangu yanafunga. Nataka kujua kabla hayajafunga kabisa."

Kuniita "mama" ni kawaida yake. Nina jina la bibi, na mtu hamwiti mamake kwa jina, hata kama mamake huyo amemzaa mwenyewe. Nilitaka kumwambia aachane na mambo ya watoto. Kisha nikamtazama. Koti la Bombei alipewa dada yake. Shule alipelekwa dada yake. Mwanamke huyu amezeeka anangoja kuambiwa kama baba yake, alipokuwa mbali, alimkumbuka.

Nikaja na santuri Durban, sandukuni kati ya nguo za ndani, mahali ambapo maofisa wa forodha huona haya kupekua.

Nimekaa mji huu muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nina chumba mtaa wa Berea, dirisha lenye nondo kwa sababu ya tumbili wanaoiba mkate, na kazi ya kusuka katika saluni ya mama mmoja wa Bukavu, Kongo, mjini kati, juu ya duka la simu. Barabarani naitwa sisi, yaani dada kwa Kizulu. Kazini naitwa Mama Tanzania. Jina langu linatajwa uhamiaji tu, nako wanalitaja wakiwa wamekasirika. Jumapili naweza kukaa mpaka jioni sijafungua mdomo, nikajikuta nasema na sufuria. Mama alikuwa akituimbia ubeti mmoja wa wimbo ule, nami huwa nauimba nikiosha vyombo:

Safari ningeijua, mlango nisingevuka,
Huku nakotembelea, hanijui hata paka.

Siku moja bosi wangu aliusikia, akataka maelezo. Nikamweleza yote, mpaka jina.

"Kwetu ba musicien wanatiaka majina ya watu mu nyimbo," akasema, kichana mdomoni. "Lakini ni juu ya franga. Ule babu yako, nani alimulipa?"

"Hakuna."

"Eish. Basi huyo mutu alimupenda kweli."

Akafikiri kidogo. "Kule juu Berea iko muzee moja Muhindi. Muke yake alikuwaka client yangu, alikufaka. Ile machine ya santuri iko, niliiona na macho yangu. Nitamupigia."

Mzee alikuwa akiishi mitaa miwili kutoka kwangu. Miaka yote nimepita mbele ya geti lake nikifukuzwa na mbwa wa jirani. Wanawe wako ng'ambo. Alivaa shati la kupigwa pasi kwa ajili ya ugeni wangu, akanikaribisha chai ya maziwa, akaonyesha rafu ya santuri zake za Kitamil. Tulizungumza Kiingereza.

"Wajukuu wakija hawaelewi hata neno," akasema. "Nazipiga peke yangu."

Akaipangusa santuri ya babu kwa kitambaa laini, akaitazama kwenye mwanga, akafunga sindano mpya, akazungusha mkono wa mashine. Namba ya mama nilikuwa nimeshaiweka tayari kwenye simu.

Nilitarajia sauti ya mzee. Aliyeimba alikuwa kijana, angeweza kuwa mwanangu. Aliimba puani kidogo, akikimbilia mbele ya fidla kama mtu anayetaka kumaliza arudi kwao. Kwenye ubeti ule wa paka alicheka, au alikohoa. Kisha udi ukanyamaza, mtu akasema mashallah, na babu yangu akaita jina.

Akaliita kama mtu aliye uani anavyomwita aliye jikoni. Akanyamaza kidogo, akingoja.

"Abee," nikaitika.

Lilinitoka tu. Sindano ikaanza kukwaruza katikati, mzee akaiinua. Nililia. Nililia kwa kelele katika nyumba ya watu, wala sikuona haya.

Lilikuwa jina la bibi. Wanaume wa zama zile hawakulitaja jina la mke mbele ya wanaume wenzao, walisema "watu wa nyumbani" ikaisha. Yeye kalitaja mbele ya Bombei nzima, likauzwa dukani, likapigwa kwenye mikahawa. Ndiyo maana wazee walijifuta midomo. Ndiyo maana bibi aliuza gramafoni akabaki na santuri.

Nikampigia mama nikiwa nimekaa kwenye ngazi za mzee. Mzee mwenyewe aliingia ndani, akarudisha mlango.

"Kaniita?" Hata salamu hakuitoa.

"Hapana, mama."

"Kamwita dada."

"Hapana. Kamwita bibi."

Ilibidi nirudie kwa sauti. Simuni akawika jogoo wa jirani yetu kule Tanga. Nilijilaumu. Ningeweza kudanganya, nani angejua?

"Akaita, halafu?"

"Halafu akanyamaza. Anangoja."

"Masikini baba. Na nani atamwitika huko?"

"Nimeitika mimi."

"Umefanya vyema. Jina ni lako." Kisha akasema polepole, "Basi niite na mimi."

"Mama?"

"Wewe si ndiye mama? Niite."

Sikuwahi kulitamka jina la mama yangu mbele yake, wala mtu wa kwetu hawezi. Chini barabarani teksi zilikuwa zinapiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani. Nikaliita kwa nguvu, kwa sababu ya masikio yake.

"Abee, mama," akaitika.