Waya Zilizokatika na Neno la Baba

Simu iliyoniletea habari za kifo cha mzee mmoja wa upande wa pili wa Kitengela, kwenye njia ya kwenda Kajiado, ilipigwa na mwanawe wa kwanza. Alisema baba alipumzika asubuhi baada ya kunywa chai, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Nilihuzunika, maana mzee yule alikuwa rafiki yangu wa miaka mingi. Lakini nikuambie ukweli, msomaji wangu: kilichotangulia kifuani mwangu kilikuwa faraja. Baba huyu na mwana huyu walikaribia kuachana kabisa, nami nilikuwepo siku hiyo, kwa sababu kisa chenyewe kilitokana na gari langu.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilihamishwa kikazi hadi Turkana. Nilikuwa na pikapu ambayo sikutaka kuiuza, na mzee akaniambia niilete kwake. Akaiweka kwenye banda la mabati alimohifadhi magunia ya mahindi, akaifunika turubai, kisha akawatangazia watu wote wa boma kwamba atakayeigusa atamtambua. Kila nilipokuja likizo alinionyesha turubai lile kwa fahari, bila vumbi juu yake, lakini kulifunua hakutaka. "Iko sawa, rafiki yangu. Hakuna mtu amefungua hata mlango." Na kweli, hakuna mtu aliyekuwa amefungua.

Wakati huohuo Kitengela ilikuwa ikibadilika. Nyaya za ua zilikuwa zikizuia njia za ng'ombe, na madalali wakawa wanaingia katika maboma wakitafuta wa kuwauzia ardhi. Mwana huyo wa kwanza wa mzee, mtu mzima mwenye mke, alitaka wauze sehemu ya shamba ili afungue biashara. Baba akakataa. Wakarushiana maneno makali, kijana akahamia mjini Kitengela, akaanza kuuza bangili za shanga na waya wa shaba kando ya barabara.

Niliporudi kabisa, miaka ya elfu mbili ikiwa imeanza, nilikwenda kuchukua gari pamoja na fundi wa umeme wa magari kutoka mjini na betri mpya. Tuliondoa turubai, tukafunga betri, nikazungusha ufunguo. Kimya. Fundi akafungua boneti, akainama, akaguna. "Hizi waya zimekatwa. Zingine hata haziko." Alisema tu kama mtu anayesoma hali ya hewa, lakini nilimwona mzee akibadilika sura. Alichungulia mle ndani kwa muda mrefu, kisha akatoka nje ya banda na kuniita kando.

"Ni kijana yangu," alisema. "Anatengeneza bangili na waya. Anajua hii gari iko hapa, na alitoka na hasira. Mimi nitakulipa ng'ombe. Lakini yeye asikanyage hii boma tena mpaka nizikwe." Nilimsihi angoje kwanza, nikamwambia hatujaona mwisho wa jambo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote, mkono mdomoni. Mzee alikuwa mtu wa kusema neno mara moja, na kila mmoja wetu alijua hilo.

Sijui tungefika wapi kama fundi hangetuita wakati ule. Alikuwa amefungua kikopo cha chujio la hewa, na ndani mlikuwa na kiota kizima: sponji ya kiti, nyuzi za turubai, punje za mahindi, na vipande vya plastiki ya waya vya rangi nyekundu, kijani na manjano. Chini ya betri palikuwa na vipande vya shaba vilivyoanguka. "Mwizi angebeba shaba," fundi alisema. "Hii yote imebaki. Walitafuna plastiki mpaka waya zikakatika." Mzee alichukua kipande kimoja, akakipitishia kidole, akahisi alama za meno.

"Panya?"

"Panya, mzee. Wamekaa hapa raha mustarehe."

Alishusha pumzi iliyosikika banda zima, akaketi kwenye gunia. Mkewe alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Kijana hakuwa na habari yoyote, na hakuna ambaye angemwambia. Lakini mzee aliagiza aitwe, na alipofika saa za mchana, kabla hata hajaketi, baba yake alisimama mbele yetu sote.

"Leo nilisema wewe ni mwizi. Nilisema usirudi hapa. Haikuwa wewe, ilikuwa panya. Nimekukosea."

Kijana alitutazama mmoja mmoja. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mimi hununua waya yangu hardware." Kisha wote wawili wakaangua kicheko. Aliinua mikono ya shati, akamshikia fundi waya alipokuwa akiziunganisha na kuzifunga tepu. Jioni haijaingia, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Mbuzi walitawanyika, na mzee akapanda mbele, akadai tumpeleke hadi lami na kumrudisha.

Ardhi hawakukubaliana juu yake siku ile, na waliendelea kubishana kwa miaka. Ila walibishana wakiwa wameketi pamoja. Nimeona nyumba nyingi ambamo mtu alimshuku mtu wake, akagundua amekosea, akanyamaza kwa kuwa mwenzake hakujua. Nyumba hizo zina ubaridi usioelezeka, kwa sababu aliyeshuku humtazama mwenzake kwa jicho la kujificha, naye mwenzake huhisi bila kujua sababu. Mzee angeweza kunyamaza, nasi tungemsetiri. Akachagua aibu ya dakika moja. Ukigundua kwamba mtu wako hana hatia uliyombebesha moyoni, usifurahi peke yako. Mwite umwambie.