Jumamosi Yangu ya Keumbu

Kwa miaka minane nilimiliki Jumamosi. Sikuitumia hata moja, na mpaka leo nikisikia mtu akisifu mali ya kununua kwa pamoja, natamani kumziba mdomo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mke mchanga, fundi wa nguo, na cherehani yangu ilikaa chini ya upenu wa jiko la mama mkwe. Kila mteja alipita mbele yake. Alijua nani kaleta kitambaa na nani kalipa, na jioni hakukosa neno: "Mwanangu, chumvi imekwisha." Nilitaka mahali pangu pa kushonea, hata pawe padogo kama kibanda cha kuku.

Siku moja yeye mwenyewe akaniletea habari. Kulikuwa na chumba cha duka kando ya barabara pale Keumbu, cha mawe na mabati mapya. Mwenye chumba alikuwa akikiuza kwa wanawake saba wa kanisa letu, kila mmoja apate siku yake katika juma, iwe yake hadi afe.

"Imebaki nafasi moja," akasema. "Ukilala watachukua wengine."

Nilimshukuru, kidogo nilie. Mama mkwe aliyekuwa akininyima hata makaa ya pasi, leo ananitakia mema!

Nikamuuza mtamba ambaye mama yangu alinipa nilipoolewa. Mwenye chumba, bwana mmoja wa koti na kalamu mbili mfukoni, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: eti mimi mwanamke mwenye akili, eti nimeshakuwa mwenye duka, na siku tutabadilishana tukitaka, kwani si sisi ni dada katika Bwana? Nikatia sahihi.

Jumapili iliyofuata tukakutana mle chumbani kugawana siku. Kwetu mdogo hawatangulii wakubwa, iwe kwa chakula, iwe kwa maneno. Basi wakachagua kwa umri. Mama mkwe, mkubwa kuliko wote, akachukua siku ya soko. Wengine wakafuata. Mimi nilikuwa mdogo wao, nimekaa karibu na mlango, natabasamu kama mjinga. Zamu yangu ilipofika, iliyobaki ilikuwa Jumamosi.

Wasabato saba, siku saba, na moja ni Sabato. Nilihesabu pale pale kwa vidole, nimeshachelewa.

Niliomba kubadilishana. Huyu akasema ana watoto wa shule, yule akasema wateja wake wameshamzoea. Nikampata Mkatoliki mmoja, muuza sufuria, aliyetaka kuinunua siku yangu kwa pesa taslimu. Wenzangu wakakataa katakata. Chumba cha Wasabato kifunguliwe siku ya Sabato, mchungaji atatuelewaje? Lakini upepo ulipong'oa mabati, mchango wangu ulidaiwa sawa na wao. Na kwa kuwa kila mwenye siku alitakiwa kufagia, nilikwenda Ijumaa kabla jua halijazama, nikamfagilia yule wa Jumapili. Kesho yake napita pale nikienda kanisani, Biblia kwapani, naliona kufuli. Nilikuwa naimba nyimbo za Mungu na moyo umejaa hasira, sitadanganya.

Mwaka wa nane mama mkwe akaugua. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha. Mchana mmoja, nikiwa nimemshikia bakuli la uji, nikamuuliza.

"Mama, uliponiita kununua, ulijua ni siku gani itakayobaki?"

Akameza taratibu.

"Tulikuwa sita, na tulikuwa tumeshatoa pesa," akasema. "Yule bwana alituambia bila mtu wa saba, chumba hatupati na pesa hazirudi."

"Kwa nini mimi?"

"Mwanamke mwingine angeuliza siku kwanza. Wewe nilijua hutaniuliza."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenisifu kwa adabu yangu, na hapo ndipo nilipomchukia kweli, yeye na adabu yenyewe. Nikampangusa midomo, nikatoka na bakuli kwenda kuliosha. Cherehani yangu ilikuwa pale pale, chini ya upenu wake.