Pafu la Kushoto na Mtani wa Bibi

Nilimchukia yule dresa, mfunga vidonda wa hospitali, kabla sijaweza hata kukaa kitako. Kichomi kilikuwa kimeniangusha wakati wa masika, usaha ukajaa mbavuni upande wa kushoto. Daktari akanitoboa, akapitisha mpira, na usaha ukashuka chupani chini ya kitanda kwa siku nyingi. Homa ikapoa. Nikadhani yamekwisha, nirudi kwetu Kibuta nikale kisamvu. Kumbe ndiyo kwanza dresa alikuwa amenitia machoni.

Asubuhi, mchana na jioni alikuja na chupa mbili zilizounganishwa kwa mpira, moja ina maji, nyingine tupu. Nilitakiwa nipulize mpaka maji yahame yote. Nikipuliza, kidonda kinawaka. Nikilia, ananiambia, "Lia kwa nguvu basi, kilio nacho ni mazoezi." Akinikuta nimeegemea upande wa kushoto, ananigonga begani kwa kiganja. Alinipandisha kilima cha hospitali na kunishusha huku akinilazimisha kuimba kwa sauti. Msichana mkubwa mimi, naimba njiani kama mwendawazimu, na wanaume wa wodi ya pili wananichungulia! Nilimwombea mabaya. Nilimwombea kichomi kimpate yeye, tena mbavu zote mbili.

Lakini maji yalihama. Siku yalipohama yote, hakunisifu hata kidogo. Alisema, "Kesho chupa kubwa."

Siku ya kuruhusiwa alikuja bibi yangu, mama wa baba, kunichukua. Ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani. Mama yangu hata kukohoa alikohoa kwa ruhusa yake. Dresa alimweleza kila kitu polepole. Nipulize mara tatu kwa siku. Nitembee, niimbe, nipaze sauti, nisikae ndani, mpaka mpunga uvunwe. Akatukabidhi chupa zile mbili na mpira wake. Pafu lilikuwa limesinyaa, alisema, nalo lisipofunguliwa sasa halitafunguka tena. Bibi hakuwa akisikiliza maneno, alikuwa akisikiliza lafudhi.

"Kwani wewe mtu wa wapi?"

"Tabora, bibi."

Bibi akapiga makofi kwa furaha. "Mpagazi! Umetua mzigo wa nani hapa kwetu, hata ukajifanya mganga?"

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda bara. Mtani anakutukana na hukasiriki. Akikutajia kifo chako, unacheka, nawe unamtajia chake. Hata msibani mtani huingia kaburini kwa utani, hatoki mpaka apewe kitu. Na yule dresa, chuma kile ambacho sikuwahi kukiona kikitabasamu, akalegea papo hapo. Labda alikuwa na upweke. Mimi hayanihusu.

"Nyie Wazaramo mnajua ngoma tu," akasema. "Haya, mfungie huyu mtoto ndani, uone. Pafu litaganda, atakufa, na mimi nitakuja kulala kaburini mwake, sitoki mpaka mnipe jogoo!"

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Njia nzima alirudia, "Atalala kaburini! Mpagazi yule!" Katika yote aliyoambiwa siku ile, hilo tu ndilo alilofika nalo nyumbani. Hapo ninawalaumu wote wawili. Bibi kwa kiburi chake, na dresa kwa kuchanganya dawa na utani mbele ya mwanamke ambaye utani aliupenda kuliko chakula.

Mwezi haukuisha nikavunja ungo. Kwetu msichana akivunja ungo anawekwa ndani, anakuwa mwali. Nilitiwa chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Mwali haonwi na wanaume. Hatembei. Hapazi sauti, ananong'ona, na akiwa na haja anapiga makofi. Kazi yake kukaa, kunenepa na kufundwa.

Nilimnong'oneza bibi, "Na chupa zangu?"

"Mwali apulize chupa, watu wasikie? Moja nimetia mafuta ya taa."

"Dresa alisema nisifungiwe."

"Mtani wangu yule, alikuwa ananitania. Si alikutajia na kifo? Mtu aliye na akili zake, tena hatanii, atamtajia kifo mtoto wa mwenzie?"

Nilimtazama mama. Mama, aliyekaa na mimi wodini, aliyeiona ile chupa ya usaha kwa macho yake, akainamia mchele akaendelea kupeta. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, lakini kwa siku ile sijamsamehe.

Nilikaa miezi. Badala ya kunenepa nikaanza kupinda, bega la kushoto likashuka, nalo liko chini mpaka leo. Pumzi ikawa ya juu juu. Wageni wa kike wakija, bibi alijisifu kwamba mwali wake ana adabu, ananong'ona vizuri kuliko wali wote wa Kibuta. Nilikuwa sina sauti nyingine. Nilimsikia akijisifu, nikatamani nimng'ate.

Asubuhi moja wanaume walikuwa uani wakiezeka banda. Nikasimama, nikafungua mlango, nikatoka. Wanawake walipiga ukelele. Bibi alinijia na mwiko mkononi. Nilipita mbele ya wanaume wote, kichwa wazi, nikafika barabarani, nikaanguka.

Baba, ambaye mambo ya wali hayakuwa yake, siku ile aliyafanya yake. Alinibeba akanipakia kwenye lori la muhogo. Bibi naye akapanda, akanigubika kanga nisionwe, akanitukana mpaka hospitali. Nimemvua nguo mbele za watu, alisema. Nani ataniposa? Sikuwa na pumzi ya kumjibu, la sivyo angesikia.

Dresa alikuwa barazani. Bibi alipomwona uso ukamchangamka, akapaza sauti, "Mpagazi! Bado hujafa?"

Dresa alinipokea mikononi mwa baba. Alinikalisha, akaweka viganja vyake mbavuni mwangu, huku na huku. "Vuta pumzi." Kiganja cha kulia kikainuka. Cha kushoto kikatulia. "Vuta tena." Akanigonga mgongoni kwa kidole, upande wa kushoto ukalia kama gunia lililojaa.

"Ulikuwa unapuliza?"

"Niliwekwa ndani."

Bibi akacheka. "Basi jogoo wako yupo, mtani, njoo umchukue!"

Dresa alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu. Kisha akamgeukia bibi, akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

Watani waliokwisha kutukanana hawaamkiani hivyo. Niliona kicheko kikimtoka bibi usoni. Marahaba haikuja. Alimtazama dresa, akanitazama mimi, akatafuta pa kukaa, akakaa chini sakafuni.

"Nitukane," akamwambia. "Nitukane, mtani wangu. Sema lile la kaburi."

Dresa akamwamkia tena.